Maji ya Ijumaa Kwenye Tangi la Dizeli

Gari letu lilikuwa likikata pumzi mahali pale pale. Ukitoka Tororo kwenda Busia barabara ni tambarare karibu yote, isipokuwa sehemu moja inaposhuka kwenye kinamasi cha mafunjo, ikavuka daraja dogo, halafu ikapanda. Si mlima wa kutisha. Mtu wa boda boda anaupanda huku amebeba magunia mawili na mke wa mtu. Lakini pikapu yetu, yenye turbo, iliyosifiwa Tororo nzima kwa kuvuta mzigo, ikifika katikati ya mwinuko ule ilikuwa inalegea. Unakanyaga mafuta, mguu unafika chini kabisa, na gari halijibu. Linatetemeka, linakohoa mara mbili tatu, halafu linajikokota hadi juu na kuendelea na safari kama vile halikuwa na neno.

Hapo ndipo kaka yangu alipofia.

Alikuwa amebeba saruji kutoka kiwandani. Mbele yake lori lilikuwa likitambaa, naye akatoka kulipita, kama alivyolipita mara mia kabla ya siku hiyo. Trela lilikuwa linashuka kutoka upande wa Busia. Dereva wa lile lori alikuja matangani, akakaa kwenye mkeka, akatuambia, "Mimi naona kwa kioo. Yeye nakuja vizuri, halafu gari nakufa mkononi yake. Hapana kwenda mbele, hapana kurudi nyuma." Tulimshukuru kwa kuja. Mimi sikumwamini. Nilimjua kaka yangu na mguu wake mzito. Wiki ile ile nilikuwa nimegombana naye jikoni, nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Mbio zako zitatuletea msiba." Akacheka, akachomoa andazi kwenye sahani yangu, akatoka. Alipoondoa gari alipiga honi mara mbili, kama kawaida yake, ili mama ajue ameondoka.

Kwa hiyo sikulia kama wengine walivyolia. Nilikuwa na hasira. Niliona ametuua sisi ili awahi sokoni.

Pikapu haikuwa imeharibika yote. Upande wa dereva ulibonyea mpaka kwenye kiti, lakini injini ilikuwa salama, na kwetu gari ndilo lililotulisha tangu baba alipokuwa hai. Likapigwa bati, likawekwa mlango wa gari jingine wenye rangi tofauti, likarudi barabarani. Majirani walilitazama kwa mbali. Dereva wa kwanza tuliyemwajiri aliendesha wiki moja na nusu, akarudisha ufunguo ukiwa umefungwa ndani ya gazeti, hataki uguse mkono wake. Wa pili alikuwa Mkristo wa Malaba, mtu wa vicheko, akasema yeye hana habari na majini ya Waislamu. Mwezi haukuisha. Alisema akifika kinamasini anasikia mtu amekaa kando yake, anashusha pumzi. Mama mmoja wa kijiji cha Paya aliyekuwa akituuzia mtama alitushauri tupeleke kuku mweupe pale darajani, kwa sababu mtu aliyefia njiani hajui njia ya kurudi kwao. Mama yangu alimsikiliza kila mtu kwa adabu. Akasema kwetu dua inatosha.

Ndipo nikachukua ufunguo mimi. Kaka ndiye aliyenifundisha kuendesha, zamani, uwanjani nyuma ya jiwe la Tororo, akinizomea kila nilipozima injini. Nilikuwa nikiuza dagaa sokoni, na dagaa wenyewe nilikuwa nikiwafuata Busia kwa gari lake. Sasa nikawa dereva na mwenye mzigo. Wanaume walinitania kwa muda, wakazoea.

Kile ambacho sikuzoea ni kile kiti. Kilikuwa kimeshonwa upya, lakini mgongo wake bado ulikuwa na bonde la mtu mkubwa kuliko mimi. Nilikuwa nikikalia bonde lake. Na kila nilipoanza kushuka kuelekea kinamasini nilitoa salamu. "Asalaam alaikum, kaka." Halafu naanza kupanda, gari linalegea, na mimi naanza kumgombeza. Ulikuwa na haraka gani? Nani alikuwa anakusubiri? Mama amezeeka miaka kumi ndani ya mwaka mmoja, unajua hilo? Gari linakohoa, linajikokota, tunafika juu, na mimi nafuta uso kwa ncha ya mtandio. Safari tatu kwa wiki, kwa muda wa karibu miaka miwili, nilikuwa mwanamke anayegombana na maiti garini. Sikumwambia mtu. Niliona ni heri anikatie pumzi pale kuliko asinijibu kabisa.

Siku iliyonipeleka kwa fundi ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limewaka. Nilikuwa na saruji nyuma. Katikati ya mwinuko gari halikulegea tu, lilizima. Kwenye kioo nikaona trela limetoka darajani linanijia, limejaza kioo chote, honi haikatiki. Nilisoma shahada kwa sauti. Dereva wake alifanikiwa kunikwepa kwa upana wa kiganja, akanitukana kwa lugha tatu akipita. Nilibaki nimeshika usukani. Safari hii sikumgombeza kaka. Nilimwambia, "Basi. Ukitaka nife niambie kwa nini."

Fundi alikuwa ng'ambo, Busia ya Kenya, kwenye uwanja wa mabati karibu na maegesho ya matrela. Mtu mrefu, mlokole, ovaroli yake ina viraka vya jinzi, na alikuwa na sifa ya kuzijua dizeli za turbo kuliko anavyowajua wanawe. Nilimwambia moja kwa moja kwamba gari lina maiti.

"Maiti siwezi, madam," akasema. "Fungua boneti."

Aliliwasha, akasikiliza, akaliendesha kidogo, akarudi. Aliuliza nani aliongeza nguvu ya turbo. Nikasema marehemu. Kaka alikuwa amemtafuta mtu akamkazia turbo ili ipulize zaidi, akajivunia jambo hilo kuliko ndoa yake.

"Alikaza turbo, sawa. Mafuta je? Turbo ni kupepea jiko. Ukipepea jiko halina makaa unapata nini? Majivu kwa macho." Alifuta mikono kwenye viraka vyake. "Hewa iko mingi, mafuta haifiki. Tubadilishe laini yote ya mafuta. Pampu ya kwa tangi, pampu kubwa, nozeli zote nne, mipira, filta. Tufanye yote mara moja ama usinisumbue."

Nikasema tufanye yote.

Alianza kwa kulishusha tangi. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu, nakunywa chai ya rangi. Alilimimina kwenye beseni jeupe la plastiki, akaliacha litulie, kisha akaniita. Dizeli ilielea juu. Chini yake kulikuwa na maji, mengi, na chini ya maji tope la kutu jekundu. Hata mtu asiyejua gari angeona.

"Hapa ndio maiti yako," akasema. Kisha akaona uso wangu, akajuta. "Pole. Unajua maji ni nzito, inakaa chini. Barabara ikiwa sawa, haina shida, pampu inavuta mafuta. Sasa ukishuka kwa ile swampu maji inakimbia mbele. Ukianza kupanda inarudi nyuma yote pamoja, na mdomo ya pampu iko hapo nyuma. Injini inakunywa maji."

"Na pale ndipo pa kupanda peke yake," nikasema.

"Pale tu."

Alifungua nozeli moja, akanipa nione ncha yake. Ilikuwa imeliwa, ina vijishimo. Akasema kutu ile haikuanza jana wala mwaka jana. Ilikuwa ya miaka.

Nilimuuliza swali nililokuwa nikiliogopa. "Mtu akiwa anapita lori, halafu maji yakaingia?"

Alijua. Mpaka mzima uliijua ile ajali. Alichukua kitambaa akafuta mikono kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na kitu tena.

"Anakanyaga," akasema, "na hakuna kitu inakuja."

Nililia pale juu ya tairi, mchana kweupe, matrela yakipita. Gari lilikuwa limemfia mkononi, kama yule dereva alivyosema matangani mbele ya watu wote, nami nikamwona mwongo. Kaka yangu hakutuua. Alikuwa amekanyaga na hakuna kitu kilichokuja, na tangu siku hiyo mimi nikawa nakaa kwenye kiti chake kumtukana. Nilimwomba msamaha kwa sauti. Fundi aliinamisha kichwa akaendelea kufungua mipira.

Kazi ilichukua siku tatu. Nilikuwa navuka mpaka kwa miguu kila asubuhi, pamoja na akina mama wa nyanya na akina dada wa mitumba, nakaa pale hadi jioni. Sikutaka kitu kifanyike kwenye gari lile bila mimi kukiona. Tangi lilioshwa kwa dizeli safi, likaanikwa juani limefungua mdomo. Nozeli mpya zilikuja kwenye vijisanduku, zimefungwa moja moja, na fundi hakuruhusu mtu azishike kwa mkono wenye vumbi. Aliweka pampu mpya, akaweka kifuniko kipya cha tangi, maana kile cha kwanza kilikuwa kimepotea zamani tukawa tunafunika kwa kifuniko cha ndoo na mpira. Mwisho akafunga filta ya kutenga maji. Chini yake ilikuwa na bilauri ndogo ya kioo, na chini ya bilauri koki.

"Hii ndio askari yako," akasema. "Maji ikiingia inakaa hapa, unaiona na macho yako. Fungua koki, mwaga. Lakini tangi ni safi na kifuniko ni mpya, mvua haiingii. Ukiona maji tena, ujue kuna mtu anakuuzia."

Nilirudi Tororo siku hiyo nikiwa na mzigo. Kinamasini nilitoa salamu, nikaanza kupanda, na gari likapanda. Liliunguruma kwa sauti nzito niliyoisahau, sauti ya wakati kaka alipokuwa akiliwasha na mama analalamika kwamba vyombo vinacheza kabatini. Nilifika juu kabla sijamaliza kushusha pumzi. Nilifurahi, na papo hapo nikaingiwa na upweke wa kutisha. Nilitazama kiti cha kando. Hapakuwa na mtu, hata yule wa kuogopwa.

Ningeishia hapo kama si ile bilauri.

Wiki ya pili niliinama chini ya gari, nikakuta maji. Si mengi, kidole kimoja. Nikayamwaga. Wiki ya tatu, tena. Maneno ya fundi yakanipanda kichwani: kuna mtu anakuuzia. Na mtu huyo nilimjua. Dizeli yetu tangu enzi za kaka ilitoka kwa mama mmoja Msamia, upande wa Uganda, anayeuza mafuta ya ng'ambo kwa jerikani kando ya barabara. Kaka hakununua kwa mtu mwingine. Yule mama alikuwa akimwita mkwe, ingawa hakuwa na binti wa kumpa.

Nilienda kwake na damu inachemka. Sikushuka hata vizuri kwenye gari. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba ametia maji kwenye mafuta, na kwamba maji yale yalimuua kaka yangu, na kwamba alikula wali wa matanga yake hali anajua. Sijawahi kumwambia binadamu maneno mabaya kuliko hayo.

Hakupiga kelele. Alifungua jerikani ya kwanza, akajaza chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, akaiweka mezani juani. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili na ya tatu. "Simama," akasema. "Ngoja. Usikwende." Tulisimama pale muda wa kutosha kupika ugali. Mafuta kwenye chupa zote tatu yalikuwa safi tangu juu hadi chini.

"Mimi nauza mafuta," akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Maji mimi siuzi. Huyo mtoto mimi nalia yeye kama yangu. Hiyo maji, dada, iko kwenu."

Niliondoka bila kuomba radhi. Nilikuwa bado na kiburi cha kutaka awe yeye.

Ili kumkomesha, nikaanza kununua kituoni Tororo, kwenye pampu, kwa risiti. Na nikaanza kuikagua bilauri kila siku badala ya kila wiki. Jumatatu kavu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kavu. Jumamosi nikaenda safari, nikapanda ule mwinuko, niliporudi nikainama: maji. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, Alhamisi kavu, Jumamosi maji. Nikayamwagia kiganjani nikasimama nayo juani. Siku zote nilidhani ule umanjano wake ni kutu. Kutu ni nyekundu. Haya yalikuwa manjano kabisa, manjano ya pilau ya Idi.

Ijumaa huwa sisafiri mpaka baada ya sala ya adhuhuri. Asubuhi yote gari linakuwa uani.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia mama kwamba naenda sokoni, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikasimama jikoni nyuma ya pazia. Nilijiambia nasubiri mwizi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeshapekua nguo za watu wote.

Mama alitoka na birika lake dogo, lile la udhu wa wageni. Alikuwa amevaa kanga safi. Alitembea polepole hadi upande wa tangi, akafungua kifuniko kipya, akaegemea gari kwa mkono mmoja maana magoti yanamsumbua, na akaanza kumimina huku midomo inacheza. Alimimina kwa uangalifu sana, bila kudondosha hata tone. Alipomaliza alifunga, akapangusa kifuniko kwa ncha ya kanga, akakipapasa kama anavyopapasa kichwa cha mjukuu.

Lilikuwa kombe. Mwalimu mmoja wa madrasa humwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe kila Alhamisi, naye huziosha kwa maji, na maji yale hunywewa kwa kinga na shifaa. Sisi sote tumekulia kombe. Tukiugua, tukifanya mtihani, tukisafiri. Sikuwahi kufikiri kwamba gari nalo lilikuwa mtu wa nyumbani, likinywa bila sisi kujua.

Nilitoka. Hakushtuka, hakuwa na kitu cha kuficha.

"Mama, unafanya nini?"

"Naweka kinga ya gari. Wewe narudi mapema?"

"Tangu lini unaweka?"

"Tangu siku baba yenu naleta hii gari. Kila Ijumaa. Nyinyi natembea ndani, lakini gari ndiyo nabeba nyinyi. Sasa gari ndiyo inywe." Alitabasamu kidogo, halafu uso ukashuka. "Hata ndugu yako, mimi siku moja sikosi. Ile wiki yake mimi naota vibaya, naona yeye nakuja nyumbani bila viatu. Basi mimi naweka mara mbili. Naweka Ijumaa, naweka tena siku ile asubuhi, yeye akiwa bado nakunywa chai. Mara mbili, na bado Mungu nachukua yeye."

Kuku walikuwa wanaparura karibu na miguu yetu. Nakumbuka nilitazama kuku.

Jini lingekuwa jepesi. Mtu wa kinamasini anayeshusha pumzi, ningemchinjia kuku mweupe, ningemchinjia ng'ombe. Hata yule mama Msamia kama angekuwa mwizi, ningemchukia maisha yangu yote na nikalala usingizi. Lakini hili lilikuwa na kanga safi, lina magoti mabovu, na lilikuwa linanitazama likisubiri nilisifu.

Niliona njia mbili. Nikimwambia, namuua. Nisipomwambia, Ijumaa ijayo atamimina tena, naye atafanya hivyo kwa kunipenda, na siku akiota vibaya juu yangu atamimina mara mbili.

Nilichukua birika mkononi mwake. Chini lilikuwa limebakiza kidogo.

"Mama, gari ni chuma," nikasema. "Gari halina roho ya kupokea aya. Nipe mimi. Nipe mkononi ninywe mwenyewe, nikisafiri liwe ndani yangu."

Alinitazama. Nikanywa lile lililobaki. Lilikuwa na ladha ya zafarani na harufu ya marashi ya waridi, na mbali kabisa, labda kwa mawazo yangu tu, ya dizeli iliyoshika kwenye mdomo wa birika.

"Haya," akasema. "Kama wewe nataka hivyo."

Kabla ya adhuhuri nilimwaga ile koki mpaka ikatoa dizeli tupu, na Jumamosi nikanunua kifuniko chenye ufunguo. Nilimwambia mama kwamba siku hizi kuna wezi wa mafuta. Akakubali. Jumatatu nilienda kwa yule mama Msamia na sukari, sabuni na kilo mbili za mchele, nikapiga magoti chini kwenye vumbi mbele ya jerikani zake, wateja wale wale wakiona. Aliniinua. Aliuliza, "Mwizi wa maji napatikana?" Nikasema hapana, yalikuwa ya mvua. Alinitazama muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili, akaniwekea mafuta. Fundi naye, nilipopita kwake, aliuliza kwa kelele toka chini ya lori, "Madam! Askari anasemaje?" Nikamwambia bilauri ni kavu. Akamshukuru Yesu.

Ikawa hivyo kwa miezi. Kila Ijumaa mama alinipa kombe kwenye bilauri ya chai, nikanywa nimesimama kando ya gari, yeye amesimama mbele yangu akihakikisha nimemaliza. Gari lilipanda. Filta ilikaa kavu. Kinamasini niliendelea kutoa salamu, lakini sikuwa na la kumwambia kaka. Zamani nilikuwa namgombeza kwa kosa ambalo si lake. Sasa nilikuwa najua kosa, na sikuweza kulisema hata mbele ya maiti, kwa kuogopa asije akalisikia. Huo ndio mzigo niliobeba kuliko saruji.

Nilidhani nimemlinda mama. Nilisahau kwamba mwanamke huyu alinilea, na kwamba tangu utotoni sijaweza kumficha hata homa.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi uliopita. Alinipa bilauri. Nikanywa. Hakuipokea mara moja. Alikuwa anatazama kifuniko chenye ufunguo, halafu akatazama ule mlango wa dereva wenye rangi tofauti.

"Fundi wa ng'ambo," akasema, "nakuta nini ndani ya tangi?"

"Kutu, Mama. Gari ni kuukuu."

"Kutu natoka wapi?"

Nilitafuta uongo wowote kati ya ule niliouandaa miezi yote ile, na hakuna hata mmoja uliokuja. Nilikanyaga, hakuna kitu.

Alichukua bilauri. Aliigeuza mkononi akatazama umanjano uliobaki chini.

"Na yeye," akasema taratibu, "na yeye mimi nalikuwa nafaa kumpa kwa mkono?"

Nilimshika. Nilimwambia hapana, Mama, ilikuwa ajali, siku yake ilifika, kila mtu ana siku yake. Nilisema mengi, kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa. Alinisubiri nimalize, kama mtu anavyosubiri gari lipite ndipo avuke. Kisha akaingia ndani. Nilisikia anaosha ile bilauri. Aliiosha kwa muda mrefu.

Ijumaa iliyofuata hakukuwa na kombe. Mwalimu wa madrasa alikuja Alhamisi na sahani yake, akaambiwa asante, basi, inatosha. Nilipotoka kuondoa gari mama alikuwa amesimama upande wa tangi, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Nilitaka nimwambie anipe hata maji matupu, ningeyanywa. Nilishindwa. Nikapanda, nikakaa kwenye bonde la kaka, nikawasha. Sikuwa nimewahi kupiga honi nikiondoka, kwa sababu honi ilikuwa yake. Siku hiyo niliipiga mara mbili.

Kwenye kioo nilimwona ameinua mkono mmoja kunipungia. Mwingine alikuwa ameufunika juu ya mdomo.